Mwalimu mshauri mpya: jinsi ya kuaminiwa na walimu wenzako

Je, umeteuliwa kuwa mwalimu mshauri katika shule ya Mbuya au mtaa mwingine wa Kampala? Kazi yako ni kukaa darasani na mwenzako, kuona anavyofundisha, kisha kumsaidia afundishe vizuri zaidi. Lakini ukiingia siku ya kwanza na daftari mkononi, walimu wengi watadhani umetumwa kuwachunguza.

Kwa nini walimu wanaogopa?

Hapa Uganda, watu wa aina mbili hutembelea madarasa. Wakaguzi huangalia kama shule inafuata viwango, na ripoti zao huenda kwa wakubwa. Wengine ni wakufunzi ambao walimu huwaita CCT. Walianza kazi miaka ya 1990 chini ya vyuo vya ualimu, kila mmoja akihudumia kundi la shule, ili kuwasaidia walimu wakiwa kazini. Wewe unafanana na CCT. Shida ni kwamba wote hukaa nyuma ya darasa na kuandika, na mwalimu hajui maandishi hayo yanakwenda wapi.

Mwalimu wa shule binafsi anaweza kuhofia mkataba wake. Mwalimu mkimbizi ambaye bado anashughulikia vyeti vyake anaweza kuhofia zaidi. Mwalimu mwenye hofu atawauliza maswali watoto wanaojua majibu tu. Utaona somo zuri, na mtoto asiyejua kusoma atabaki vilevile.

Ufanye nini?

1. Kubaliana kwanza na mwalimu mkuu. Anaweza kujua siku ulizofika na mada mliyofanyia kazi. Udhaifu wa mwalimu ubaki kati yako na mwalimu huyo. Mwombe awaeleze walimu wote makubaliano hayo, wewe ukiwepo.

2. Sema wazi kisichofichwa. Sheria ya watoto ya Uganda, iliyorekebishwa mwaka 2016, inakataza viboko shuleni. Ukiona mtoto anapigwa au kudhulumiwa, utaripoti. Walimu wajue hivyo tangu siku ya kwanza.

3. Anza kwa kufundisha wewe. Omba kipindi kimoja, mwalimu akae nyuma akuangalie, kisha akuambie alichoona. Atajua kwamba wewe pia unakubali kuangaliwa.

4. Mwonyeshe ulichoandika kabla hujaondoka. Muulize kwanza yeye anaonaje somo lake. Kisha chagueni jambo moja tu la kujaribu hadi utakaporudi. Nchini Kenya, katika programu ya Tusome iliyoanza mwaka 2015, maafisa walitembelea darasa, wakasikiliza watoto wachache wakisoma, kisha wakazungumza na mwalimu kuhusu somo hilo. Mazungumzo yakianzia kwa watoto, mwalimu haoni kwamba anashambuliwa.

5. Heshimu ujuzi uliopo. Mwalimu aliyefundisha Bukavu kwa Kifaransa miaka mingi si mwanafunzi, hata kama Kiingereza bado kinamsumbua. Mwalimu Mganda naye anaujua mtaala wa hapa na lugha za watoto wa mtaani. Ukiwa mkimbizi, muulize yeye. Ukiwa mwenyeji, usimsahihishe mgeni mbele ya watoto.

6. Timiza ahadi ndogo. Ukisema utarudi Jumanne, rudi Jumanne. Kama huwezi, toa taarifa mapema. Na usipeleke habari za darasa moja katika darasa lingine, hata kwa mzaha.

Je, mwalimu mkuu akikuuliza nani ni dhaifu?

Mkumbushe makubaliano yenu kwa adabu. Unaweza kumweleza shida za shule nzima, kwa mfano, "Madarasa ya chini yanahitaji vitabu zaidi vya kusoma," bila kutaja jina la mtu. Akisisitiza, mwombe mkae pamoja na aliyekuteua. Ukitaja jina moja tu, chumba cha walimu kitajua kabla ya kengele ya mchana, na itakuwa vigumu sana kuaminiwa tena.