Kazi za Ughaibuni: Tunachoweza Kujifunza kwa Wanawake wa Ufilipino

Mkazi anapofika ofisi ya wadi akiwa na barua ya kazi ya Saudia au Qatar, swali lake huwa fupi: "Hii kazi ni ya kweli?" Ni swali muhimu, lakini lipo la pili ambalo wengi hulisahau: mambo yakiharibika huko, nani hapa nyumbani atawajibika?

Ufilipino imekuwa ikitafuta jibu la swali hilo kwa takribani miaka 50. Wanawake wa nchi hiyo ndio mabinti zetu hukutana nao katika majumba na hospitali za Ghuba. Makala haya yanaeleza jinsi Ufilipino ilivyofika hapo, ilichofaulu, ilichoshindwa, na mambo ambayo familia ya hapa kwetu inaweza kuyatumia.

Safari ilivyoanza

Mwaka wa 1974, serikali ya Rais Ferdinand Marcos ilipitisha Sheria ya Kazi iliyoweka mpango rasmi wa kupeleka wafanyakazi nje. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda, nchi za Ghuba zilikuwa zikijenga kwa kasi, na Ufilipino ilihitaji ajira pamoja na fedha za kigeni. Mpango huo ulikusudiwa kuwa wa muda tu.

Mwanzoni waliokwenda Mashariki ya Kati walikuwa hasa wanaume wa mjengo. Baadaye mahitaji yakabadilika. Familia za Hong Kong, Singapore na Ghuba zikataka wafanyakazi wa nyumbani, na hospitali za Marekani na kwingineko zikataka wauguzi. Kwa mujibu wa takwimu za serikali ya Ufilipino za mwaka wa 2022, wafanyakazi wake walioko nje walikuwa karibu milioni 2, na karibu 6 kati ya kila 10 walikuwa wanawake.

Fedha wanazotuma ni nyingi. Mwaka wa 2023, Wafilipino walioko nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 33 za Marekani kupitia benki. Ndiyo maana tangu mwaka wa 1988, Rais Corazon Aquino alipozungumza na wafanyakazi wa nyumbani huko Hong Kong, viongozi wa nchi hiyo huwaita mashujaa wapya. Lakini sifa peke yake haimlindi mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba ya mwajiri.

Kifo kilichobadilisha sheria

Mnamo Machi 17, 1995, Singapore ilimnyonga Flor Contemplacion, mfanyakazi wa nyumbani na mama wa watoto wanne. Alikuwa amehukumiwa kwa mauaji ya Mfilipino mwenzake na mtoto aliyekuwa akilelewa na mwenzake huyo. Wafilipino wengi waliamini hakuwa na hatia, na kwamba serikali yao ilichelewa kumtetea. Maandamano yalizuka, na waziri wa mambo ya nje akajiuzulu.

Chini ya miezi 3 baadaye, Juni 7, 1995, sheria ya kuwalinda wafanyakazi wahamiaji ilitiwa saini. Kipengele chake kimoja kinafaa kusomwa na kila mzazi: wakala aliyempeleka mfanyakazi hubeba deni pamoja na mwajiri wa nje. Mwajiri akikataa kulipa mshahara, mfanyakazi hahitaji kumfuata jangwani. Anaweza kumdai wakala huko huko Ufilipino, na dhamana ambayo wakala aliweka serikalini inaweza kutumika kulipa.

Hatua nyingine zilifuata. Mkataba hukaguliwa na afisa wa leba wa Ufilipino katika nchi ya kazi. Msafiri huhudhuria mafunzo kabla ya kuondoka, na bila cheti cha serikali kinachoonyesha ajira yake imekubaliwa, huzuiwa kwenye uwanja wa ndege. Kuna pia mfuko wa ustawi unaochangiwa dola 25 kwa kila mkataba, ambao husaidia kumrudisha nyumbani aliyekwama. Mwaka wa 2006 serikali iliweka kima cha chini cha dola 400 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani, na kupiga marufuku kumtoza ada ya kutafutiwa kazi.

Pale sheria inapoishia

Pamoja na hayo yote, mateso hayakuisha. Mapema mwaka wa 2018, mwili wa mfanyakazi Mfilipino ulipatikana ndani ya friza katika nyumba iliyoachwa nchini Kuwait. Ufilipino ilisimamisha safari za kwenda huko hadi nchi hizo mbili zikatia saini makubaliano mwezi Mei. Miongoni mwa mambo yaliyoandikwa: mfanyakazi abaki na simu yake, na mwajiri asimnyang'anye pasipoti.

Kwamba jambo dogo kama simu lilihitaji kuandikwa katika makubaliano ya nchi mbili kunaonyesha ugumu ulipo. Chini ya mfumo wa kafala, kibali cha mfanyakazi hufungwa kwa mwajiri mmoja. Akitoroka mateso, anaweza kuhesabiwa mkosaji.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana kwenye taarifa za benki. Watoto wengi wa Ufilipino hulelewa na nyanya, shangazi au baba huku mama akilea watoto wa watu wengine. Mama hutuma kwa meli boksi kubwa la nguo, sabuni na peremende, ambalo huchukua wiki kadhaa kufika. Boksi hilo hupokelewa kwa furaha, lakini haliwezi kumwuliza mtoto kwa nini amerudi kutoka shule akilia.

Na sisi je?

Kenya nayo ilipata zaidi ya dola bilioni 4.9 kutoka kwa raia wake walioko nje mwaka wa 2024. Pia tunayajua machungu: mwaka wa 2014 serikali ilisimamisha kwa muda safari za wafanyakazi wa nyumbani kwenda Mashariki ya Kati kwa sababu ya visa vya dhuluma. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje uthibitishwe na afisa wa leba. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, ndiyo husajili mawakala.

Kabla ya kusafiri, mkazi anashauriwa:

• Kuhakikisha kwa NEA kwamba wakala amesajiliwa na usajili wake haujaisha.

• Kusoma mkataba katika lugha anayoielewa: mshahara, siku ya mapumziko, na jina la mwajiri. Asisaini karatasi nyingine akifika huko bila kuielewa.

• Kuachia familia nakala za pasipoti, viza na mkataba, pamoja na anwani ya wakala.

• Kuhifadhi nambari ya ubalozi wa Kenya kichwani, si kwenye simu tu.

• Kukubaliana na familia, mbele ya mtu wanayemheshimu, ni nani atakayewalea watoto na fedha zitatumikaje.

• Kukataa safari ya viza ya utalii kwa ahadi kwamba kibali cha kazi kitapatikana mbele ya safari.

Wafilipino walijifunza haya kwa gharama ya maisha ya watu wao. Hatuna sababu ya kulipa gharama hiyo tena. Ukiwa na barua ya kazi mkononi na huna hakika nayo, fika ofisi ya leba iliyo karibu nawe kabla hujalipa chochote. Anayekuhimiza usaini leo hii bila kuuliza mtu, mwombe akupe siku moja. Akikataa, umeshapata jibu.