Kinga juu, mashua chini

Tulitoka Dijon, mu Ufaransa, tukaacha mashamba ya mizabibu nyuma, tukafuata na kinga njia ya pembeni ya Canal de Bourgogne. Mufereji huu una kilometa 242 na milango ya maji 189. Kwa ile milango mashua zinapanda mulima kama mutu anapanda ngazi.

Kufika Pouilly-en-Auxois, maji yanaingia chini ya udongo: galeri ya metre 3.333, iliyomalizika mwaka 1832. Sisi tulipita juu yake, katikati ya miti, tukaona midomo ya mashimo ya hewa. Weye unayeshuka mu shimo kila siku, unajua maana yake: pale chini watu walichimba kwa mikono. Divai ya kule inasifiwa fasi yote. Sisi tulishuka ku kinga, tukavua kofia kwa wale wachimbaji.