Ukishatatua tatizo la simu, andika ulivyolitatua

Wadau, mtu akikuambia "WhatsApp yangu iliibiwa, nikahangaika wee, ikarudi", hajakusaidia kitu. Ilirudije? Wengi tunaishia hapo, halafu mwezi ujao mwenzetu anapoteza wateja kwa tatizo ambalo mtu alishalimaliza.

Tuchukue huo huo wizi. Kuna dada anauza vitenge mtandaoni. Tapeli alijifanya mteja, akamwomba zile namba 6 zilizoingia kwa meseji, akapewa. Muda si mrefu dada katolewa kwenye akaunti yake, na tapeli anawaandikia wateja watume hela za oda.

Baadaye aliwaandikia wauzaji wenzake, na nimeipenda kwa sababu hakuruka kitu. Alisema skrini ilimwambia namba yake inatumika kwenye simu nyingine. Kuzima na kuwasha simu hakukusaidia. Kilichosaidia ni kuisajili upya namba yake kwenye WhatsApp na kuweka namba 6 mpya zilizokuja kwenye laini yake. Tapeli akatolewa hapo hapo. Ila WhatsApp ikadai PIN, na yeye hajawahi kuweka PIN. Aliyeiweka ni tapeli! Ikabidi asubiri siku 7 ndipo aingie bila hiyo PIN. Siku hizo aliwatumia wateja meseji za kawaida wasilipe oda yoyote.

Hapo kwenye siku 7 ndipo penye mali. Asiyejua anadhani imeshindikana, anasajili laini mpya na kuanza kutafuta wateja upya.

Akamalizia na kinga: ingia Mipangilio, kisha Akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili, weka PIN yako na barua pepe ya kukusaidia ukiisahau. Kama hujafanya, fanya sasa hivi kabla hujaendelea kusoma.

Na wewe ukiandika, nakili maneno ya skrini yalivyo, maana ndiyo mwenzako atakayoyatafuta. Taja aina ya simu. Taja na kilichogoma, usione aibu, kinamwokolea mtu saa nzima. Ukiweka picha ya skrini, funika namba za wateja na salio lako. Weka na tarehe, kwa sababu programu ikisasishwa vitufe vinahama, na atakayesoma mwakani ajue kwa nini havioni pale ulipomwelekeza.