Maswali ya mazingira: tuwaulize watoto nyumbani

Watoto wetu wa mwaka wa mwisho wanajiandaa kwa Exetat, na jioni nyumba nyingi hapa Goma zimejaa makaratasi ya maswali ya miaka iliyopita. Mtoto anasoma swali, anatazama jibu, anakariri herufi yake. Siku ya mtihani majibu yakipangwa vingine, herufi ile haitamsaidia kitu.

Wengi wetu tunasema: maswali ni ya Kifaransa, sisi tutafanya nini? Lakini mazingira tunayajua. Tuchukue swali moja: ni gesi gani inajikusanya kwenye mashimo karibu na volkano, oksijeni, metani au dioksidi ya kaboni? Hayo ni mazuku, wamama, yale yanayoua mbuzi, na ndiyo sababu tunawakataza wadogo kucheza shimoni asubuhi wakati upepo haujavuma. Mwambie finalisti wako akueleze kwa Kiswahili kwa nini yanakaa chini. Aliyeelewa atapiga hesabu: kaboni 12, oksijeni mbili 32, jumla 44. Hewa ya kawaida ni karibu 29. Basi gesi hiyo ni nzito, inalala chini.

Usimwachie hapo. Muulize: na metani je? Hiyo ni 16 tu, inapanda juu. Mtoto anayeweza kusema kwa nini jibu baya ni baya, hategwi kirahisi.

Gesi hizo mbili zimo pia ndani ya Ziwa Kivu, zimebanwa na uzito wa maji kama soda kwenye chupa iliyofungwa. Kule Kamerun, Ziwa Nyos lilitoa dioksidi ya kaboni usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, watu karibu 1,700 wakafa. Mtoto akijua habari hiyo, swali la ziwa halimpotei.

Mtego mwingine ni ozoni. Wengi wanachanganya tundu la ozoni na kupanda kwa joto duniani. Ozoni inazuia miale mikali ya jua. Joto linaongezwa na gesi kama ile ya kaboni, inayotoka kwenye petroli na kwenye misitu inayokatwa na kuchomwa, makala yetu yakiwemo.

Maswali matano kwa jioni yanatosha. Kiswahili kwanza, halafu arudie kwa Kifaransa, maana ndicho atakachokuta mtihanini. Yale yanayomshinda, yaandikeni muyalete kwenye mkutano wetu. Kati yetu wamo wamama wanaofundisha biolojia.