Faili Lisilo na Mwenyewe

Aprili 2025, baada ya sasisho la kawaida la kila mwezi, watu wengi wanaotumia Windows walifungua diski C wakakuta folda mpya iitwayo inetpub. Ndani hamna kitu. Hawakuiunda wao, na sasisho halikuwaeleza lolote. Waliowahi kuhudumia seva walilitambua jina: ndimo IIS, programu ya Microsoft ya kuendeshea tovuti, huweka kurasa zake. Lakini kompyuta ya sebuleni, ya kuandikia barua na kutazamia filamu, ina haja gani na folda ya seva? Wengi wakaifuta. Kompyuta haikulalamika, nao wakaendelea na shughuli zao.

Siku chache baadaye Microsoft ikasema: msiifute. Folda ile ilikuwa sehemu ya kuziba tundu la usalama lenye namba CVE-2025-21204. Tundu lenyewe lilihusu viungo vya kupotosha njia. Mtu aliyekwisha kuingia kwenye kompyuta kwa ruhusa ndogo angeweza kuweka kiungo mahali ambapo mfumo hutarajia kukuta folda. Mfumo, kwa mamlaka yake makubwa, ukakifuata na kugusa mafaili ambayo mtu yule hakuruhusiwa kuyagusa. Folda tupu iliyotangulizwa pale, ikimilikiwa na mfumo wenyewe, inamnyima nafasi. Aliyekwisha kuifuta alielekezwa awashe IIS kwenye orodha ya vipengele vya Windows ili irudi. Kisha mtafiti wa usalama Kevin Beaumont akaonyesha kwamba dawa nayo ina kasoro: mtumiaji asiye na mamlaka ya msimamizi angeweza kutengeneza kiungo chenye jina hilohilo na kuzuia masasisho yanayofuata yasiingie.

Lawama yangu haiendi kwa waliofuta. Sentensi moja kwenye maelezo ya sasisho ingewatosha. Hata hivyo kisa hiki kinaonyesha jambo ninalokutana nalo mara kwa mara katika kazi yangu ya ufundi wa kompyuta: faili geni lenyewe huwa halijafanya kosa, na uharibifu huanza pale mwenye kompyuta anapolishughulikia kwa hofu.

Hofu hiyo imewahi kufanya kazi ya kirusi bila kirusi kuwapo. Mwaka 2002 ilizunguka barua pepe iliyomtaka msomaji atafute kwenye kompyuta yake faili jdbgmgr.exe, lenye picha ya dubu mdogo wa kuchezea. Ilidai kwamba hicho ni kirusi, kwamba programu za kinga hazikioni, na kwamba hujificha siku 14 kabla ya kuanza kuharibu. Msomaji alitafuta, akalikuta, akamwona dubu, akafuta, kisha akawaonya jamaa na marafiki wote. Kumbe faili lilikuwa la Microsoft yenyewe, limewekwa kwa ajili ya watengenezaji wa programu za Java, na ndiyo maana kila aliyelitafuta alilikuta. Mwaka uliotangulia mchezo huohuo ulichezwa kwa sulfnbk.exe, kifaa kidogo cha Windows 98 cha kurejesha majina marefu ya mafaili. Ushahidi pekee uliotolewa katika barua zote mbili ni kwamba faili lipo na sura yake huijui.

Kwa hiyo ninapoletewa kompyuta yenye "kitu cha ajabu", swali la kirusi naliweka kiporo. Naanza na mambo matatu yanayoonekana kwenye sifa za faili: liko folda gani, liliundwa lini, na kama lina saini ya kidijitali ya kampuni iliyolitengeneza. Saa ya kuundwa peke yake humaliza kesi nyingi. Utakuta ni dakika ileile sasisho lilipoingia, au ulipofungua hati fulani, au mgeni alipochomeka flashi yake.

Mahali nako kuna uzito. Fungua Task Manager na utaliona jina svchost.exe makumi ya mara, jambo linalowatisha wengi wanaoliona kwa mara ya kwanza. Hiyo ni programu tu inayobeba huduma za Windows. Tangu 2017, Windows 10 kwenye kompyuta yenye RAM zaidi ya GB 3.5 huipa karibu kila huduma nakala yake, ili moja ikianguka isiziangushe nyingine. Lililo halali hukaa ndani ya folda ya Windows, kwa kawaida System32. Ukilikuta kwenye folda ya vitu ulivyopakua, au ukaona herufi "o" imegeuzwa sifuri, hapo una haki ya kushtuka.

Majumbani kwetu sehemu kubwa ya mafaili yasiyo na mwenyewe huzaliwa umeme unapokatika. Chukua hati iitwayo "Mkataba wa nyumba.docx". Ukiifungua, Word huunda kando yake faili dogo lililofichwa, "~$ataba wa nyumba.docx", likiwa limebeba jina la mtumiaji. Kazi yake ni kumwambia mtu wa pili atakayejaribu kufungua hati hiyohiyo kwenye mtandao wa ofisi kwamba fulani tayari anaitumia. Ukifunga Word vizuri, faili hilo hujifuta. Umeme ukikatika halipati nafasi ya kujifuta. Linabaki, na kesho yake unaambiwa hati imefungwa na mtu mwingine, ilhali mtu huyo ni wewe. Funga Word, futa lile dogo, fungua tena.

Ndugu yake ni folda FOUND.000, yenye mafaili kama FILE0000.CHK. Hii hutokea diski ikikaguliwa baada ya kuzimika ghafla au baada ya flashi kuchomolewa ikiwa bado inaandikwa. Windows imekuta vipande vya data ambavyo orodha ya diski haijui ni vya nani, ikavikusanya hapo badala ya kuvitupa. Watu huvifuta haraka mno. Kama siku hiyo ulipoteza picha, nakili kipande kwanza, kisha badili herufi za mwisho za nakala ziwe .jpg. Mara nyingine sura ya harusi hujitokeza, nzima au nusu.

Thumbs.db ni albamu ya vijipicha ambayo Windows za zamani ziliiweka ndani ya kila folda yenye picha. Siku hizi hukusanywa mahali pamoja ndani ya folda za mtumiaji. Desktop.ini hukumbuka mwonekano wa folda. .DS_Store hutoka kwenye Mac ya yeyote aliyeshika flashi yako. Hayo hayana madhara, ila Thumbs.db inaweza kubaki na kijipicha cha picha uliyoifuta, jambo la kukumbuka kabla ya kuuza kompyuta. Mafaili makubwa ya hiberfil.sys na pagefile.sys yenye GB kadhaa ni mahali pa kuhifadhi yaliyomo kwenye RAM: la kwanza kompyuta inapolala usingizi mzito, la pili RAM inapojaa. Usihangaike nayo.

Tarehe ni fumbo la aina yake. Picha iliyotumwa jana inaonyesha kwamba ilipigwa tarehe 1 Januari 1970, saa tisa usiku. Kompyuta nyingi huhesabu wakati kwa sekunde kuanzia usiku wa manane wa siku hiyo kwa saa za Greenwich. Taarifa ya tarehe ikipotea hubaki sifuri, na sifuri hiyo, ukiongeza saa tatu za Afrika Mashariki, ndiyo saa tisa usiku. Flashi iliyorekodiwa na kifaa kisicho na saa itakuonyesha 1980, kwa sababu hapo ndipo mfumo wa mafaili uliorithiwa kutoka DOS, mtangulizi wa Windows, ulipoanzia kuhesabu. Ukiona 1601, umekutana na sifuri ya Windows yenyewe.

Kompyuta nzima ikirudi nyuma miaka kila inapowashwa, tatizo ni betri ndogo ya duara kwenye ubao mama, CR2032, ya volti 3. Namba hiyo inataja vipimo vyake: milimita 20 upana, 3.2 unene. Ugonjwa huu ni wa kawaida kwa mashine za mezani zilizokwisha kutumika ng'ambo kabla ya kuuzwa Kariakoo au Luthuli Avenue. Dalili yake huwapoteza watu, maana hawaanzi kuiona kwenye saa. Wanaiona kwenye intaneti, pale kila tovuti inapodai kwamba si salama. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta inayodhani tuko 2012 huona cheti cha mwaka huu hakijaanza kutumika. Nimeona watu wakitozwa fedha za kusafishiwa virusi, huku betri ya bei ya chai na vitafunio ikiendelea kulala ndani.

Yapo pia mafumbo yaliyovishwa hadithi. Kwa miaka ulizunguka ujumbe kwamba hakuna anayeweza kuunda folda yenye jina "con", na kwamba hata Bill Gates hajui sababu. Sababu inajulikana vizuri sana. DOS ya 1981 haikuwa na folda, zilikuja 1983. Majina machache yakawa yametengwa kwa vifaa: CON kwa kibodi na skrini, PRN kwa printa, NUL kwa shimo la kutupia taka. Programu za zamani ziliyatumia popote zilipo, na Windows ikaendelea kuyalinda ili programu hizo zisikwame.

Vivyo hivyo Notepad ya Windows XP. Ukiandika "Bush hid the facts", yaani Bush aliuficha ukweli, ukahifadhi na kufungua upya, ulikuta visanduku au herufi za Kichina. Siasa ilipamba moto. Kilichotokea ni kwamba Notepad ilikisia aina ya maandishi kwa kutazama mpangilio wa baiti, na sentensi hiyo fupi ya herufi 18, pamoja na nafasi zake, ilifanana na herufi 9 zenye baiti mbili kila moja. Sentensi nyingine za Kiingereza zenye mpangilio huohuo wa maneno zilifanya vivyo hivyo, bila kumtaja rais yeyote.

Mahali ninapotaka watu waogope zaidi kuliko wanavyoogopa ni kwenye flashi inayotoka steshenari. Umekwenda kuchapisha, umerudi, na kila folda sasa ina kimshale pembeni na ukubwa wa KB moja au mbili. Vitu vyako havijapotea. Kirusi cha shotikati kimeviwekea alama ya kufichwa, kisha kikaweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Ukibonyeza mojawapo, kirusi huanza kazi kwanza, halafu folda halisi inafunguka ili usishuku. Vizazi vya awali vya virusi vya flashi havikuhitaji kidole chako. Vilijiendesha vyenyewe mara flashi inapochomekwa. Mlango huo Microsoft iliufunga katika Windows 7, na Februari 2011 ikaufunga pia kwa XP na Vista kupitia masasisho. Waandishi wa virusi wakahamia kwenye hila inayomtegemea mwenye mali.

Kosa kubwa hapa ni kuifomati flashi ilhali kila kitu kimo. Ikague kwa programu ya kinga kwenye kompyuta safi, kisha fungua dirisha la amri na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.*, ukibadili E kwa herufi ya flashi yako. Folda zitajitokeza. Futa njia za mkato zote, na usisahau kusafisha kompyuta iliyoambukizwa, la sivyo flashi itarudi ilivyokuwa.

Tena, iambie Windows ikuonyeshe herufi za mwisho za majina ya mafaili. Hadi leo huzificha isipobadilishwa. Ndivyo barua ya mapenzi ya Mei 2000, LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, ilivyoonekana kama maandishi ya kawaida na kuzunguka dunia kwa siku moja.

Kwa hitilafu zisizoacha faili, kama kompyuta kujizima, kuna Event Viewer, daftari la matukio ya Windows. Kernel-Power namba 41 maana yake kompyuta ilizimika bila kuaga: umeme, kebo, joto au kifaa cha umeme kilichochoka. Usitishike na wingi wa alama nyekundu mle. Hata kompyuta yenye afya ina mamia, na matapeli wanaopiga simu wakijifanya mafundi humwelekeza mwathirika afungue daftari hilohilo ili ajionee "virusi" kwa macho yake.

Kuna masalio yasiyopata jibu. Katika uchaguzi wa Ubelgiji wa 2003, huko Schaerbeek, mgombea mmoja alipewa na kompyuta kura 4,096 za ziada, idadi iliyogunduliwa kwa sababu ilizidi kura zinazowezekana. Namba hiyo ni mbili kwa kipeo cha 12, yaani biti moja tu ya kumbukumbu ilikuwa imegeuka kutoka sifuri kuwa moja. Wataalamu hawakukuta kosa kwenye programu; maelezo yaliyobaki ni chembe ya mionzi kutoka angani kuipiga RAM, na hayakuthibitishwa.

Jambo kama hilo likitokea nyumbani mara moja, mimi huandika tarehe na saa kisha naliacha. Likirudi naanza na RAM: naendesha kipimo cha kumbukumbu kilichomo ndani ya Windows, mdsched, na kama kuna vijiti viwili natoa kimoja, naitumia kompyuta siku kadhaa, kisha navibadilisha.