Neno "Gereza" na Matembezi ya Mombasa

Mwalimu atakaye kuongoza kundi kutazama mahali pa historia ya Ukatoliki mjini Mombasa, twamshauri aanzie langoni pa Ngome ya Yesu, wala si penye Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, ingawa ndilo livutalo macho.

Sababu ni neno moja. Ngome hii, iliyoanza kujengwa mwaka wa 1593, watu wa pwani waliiita gereza. Asili yake ni neno la Kireno igreja, maana yake kanisa. Kanisa la Wareno lilikuwamo ndani ya kuta hizo. Basi jina la kanisa likashika ngome yote, kisha likawa jina la mahali pa kufungia watu. Waingereza nao waliifanya ngome kuwa jela tangu 1895 hata 1958.

Hapo kundi lisimame kitambo, lisikie habari za Yusuf bin Hasan. Baba yake, Sultani wa Mombasa, aliuawa mwaka wa 1614 kwa hila ya Wareno. Mtoto alipelekwa Goa, akafundishwa na mapadre Waagustino, akabatizwa Jerónimo, akarudi kutawala 1626. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamwua kapteni, akauacha Ukristo. Siku zile Wakristo waliokataa kuiacha imani yao waliuawa, na miongoni mwao walikuwamo Waafrika.

Langoni lipo jiwe la mwaka wa 1635 lililoandikwa kwa Kireno. Jiwe lamtaja mfalme huyo kuwa dhalimu. Habari za baba yake halina. Kiongozi asomaye jiwe tu amesema nusu. Yampasa kuwataja waliouawa kwa heshima, na dhuluma ya 1614 pia, hasa kwa kuwa jirani Waislamu wa Mji wa Kale wamsikia.

Kisha wapite Ndia Kuu (ndia ni njia kwa Kimvita), waende kanisani. Huko maneno yamebadilika. Wareno walituachia mvinyo, lakini altareni twasema divai, neno la Kifaransa, kwa maana waliorudisha Ukatoliki pwani katika karne ya 19 walikuwa mapadre wa Ufaransa. Wareno walikwisha kuipoteza ngome kwa Waarabu wa Omani tangu Desemba 1698.