Wazimu Unaojitetea: Msimulizi wa Poe Kizimbani (Sehemu ya Pili)

Sehemu iliyotangulia ilifuatilia jinsi fasihi ya Kigothi, ambayo huhesabiwa kuwa ilianza Uingereza mwaka 1764 kwa riwaya ya Horace Walpole iitwayo The Castle of Otranto, ilivyoiweka hofu ndani ya ngome kuukuu, makaburi na mizuka. Kufikia miaka ya 1840 hofu hiyo ilikuwa imehama, na aliyeihamisha kwa ustadi mkubwa ni Mmarekani Edgar Allan Poe (1809–1849), ambaye katika hadithi zake fupi zilizo bora mzuka hauhitajiki tena, kwa kuwa anayesimulia ndiye anayetisha.

Msimulizi, ifahamike, si mwandishi. Ni sauti iliyobuniwa kama walivyobuniwa wahusika wengine, na katika usimulizi wa nafsi ya kwanza sauti hiyo ndiyo njia pekee ya msomaji kuufikia mkasa. Mwaka 1961 mhakiki Wayne C. Booth, katika kitabu chake The Rhetoric of Fiction, aliwapa wahakiki istilahi ya msimulizi asiyeaminika, yaani msimulizi ambaye maelezo au hukumu zake zinapishana na maadili yanayoiongoza kazi yenyewe, hata msomaji akalazimika kuelewa zaidi ya anachoambiwa. Poe alikuwa ameitumia mbinu hiyo zaidi ya karne moja kabla haijapewa jina, naye akalipia gharama yake: siku mbili tu baada ya kifo chake, Rufus Griswold alichapisha tanzia iliyomchora kana kwamba yeye mwenyewe ni mmoja wa wendawazimu wa hadithi zake, na wasomaji wengi wakaisadiki picha hiyo kwa miongo kadhaa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni The Tell-Tale Heart, hadithi ya moyo unaofichua siri, iliyochapishwa Januari 1843 katika toleo la kwanza la The Pioneer, jarida la James Russell Lowell ambalo halikuvuka matoleo matatu. Msimulizi hana jina, hana umri, na hakuna mahali anapotaja uhusiano wake na mzee anayeishi naye. Anachokisisitiza ni kwamba alimpenda, kwamba hakuitamani mali yake, na kwamba hakuwahi kutendewa ubaya naye. Kilichomsumbua ni jicho moja la mzee huyo, la samawati iliyofifia, lenye utando, ambalo yeye analifananisha na jicho la tumbusi. Kwa usiku saba mfululizo anafungua mlango wa chumba cha mzee saa sita kamili, akichukua saa nzima kupenyeza kichwa tu, kisha anaifungua kandili yake kiasi cha uzi mmoja wa mwanga kuliangukia jicho, na kwa kuwa analikuta limefumba anaondoka, maana asiyemtaka si mzee bali ni jicho. Usiku wa nane kidole kinateleza, mzee anaamka, na mauaji yanatendeka.

Haya yote anayaeleza ili kuthibitisha jambo moja, kwamba yeye si mwendawazimu. Hoja yake ni nyepesi: mwendawazimu hajui lolote, ilhali yeye alipanga, alisubiri, alikata maiti vipande, akaizika chini ya mbao tatu za sakafu bila kuacha hata tone la damu. Hapa ndipo kinaya, yaani ule mpishano kati ya kinachosemwa na kinachoeleweka, kinapofanya kazi yake, kwa sababu utaratibu anaoutoa kama ushahidi wa akili timamu ndio unaomtia msomaji shaka. Mtu anayetumia saa nzima kuingiza kichwa mlangoni, kisha akajisifu kwa hilo, hahitaji daktari wa kumshuhudia.

Kwamba akili inaweza kupanga vizuri huku nafsi ikiwa inaugua, lilikuwa wazo jipya na lenye ubishi wakati ule. Daktari Mwingereza James Cowles Prichard alilieneza mwaka 1835 kwa jina la wazimu wa kimaadili, akimaanisha ugonjwa unaopotosha hisia na dhamiri bila kuharibu uwezo wa kufikiri, na mwaka 1838 Mmarekani Isaac Ray akachapisha kitabu kizima juu ya wazimu na sheria. Poe hakuwa mbali na mjadala huo. Mwaka 1840, akiwa Philadelphia, aliandika gazetini kuhusu kesi ya James Wood, aliyemuua binti yake na kuachiwa kwa sababu ya wazimu, na jambo lililomvutia ni ule utulivu wa mshtakiwa wakati wa kununua silaha, utulivu ambao kwa maoni yake haukupingana hata kidogo na ugonjwa wa akili. Miezi miwili tu baada ya hadithi kutoka, mahakama ya London ilimwondolea hatia kwa sababu ya wazimu Daniel M'Naghten, aliyempiga risasi katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel, na ghadhabu iliyofuata ikawafanya majaji wa Uingereza waweke kipimo kinachojulikana hadi leo kwa jina lake: je, mtendaji alijua anachotenda, na alijua kwamba ni kosa? Kipimo hicho kilisafiri na sheria za kikoloni, na misingi yake imo hata sasa katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na katika ile ya Kenya.

Msimulizi wa Poe, akipimwa kwa kipimo hicho, ananyongwa. Alijua anachotenda, alijua ni kosa, ndiyo maana akaificha maiti. Akipimwa kwa nadharia ya Prichard, ni mgonjwa. Kila hoja anayoitoa basi inambana pande mbili kwa mpigo, kwani inamthibitishia tabibu kwamba anaugua na kumthibitishia hakimu kwamba aliua kwa kukusudia, na wazimu, ambao angeweza kujiokoa kwa kuukiri, ndio kitu pekee anachokataa kukikiri.

Hatia nayo haiji kwa njia anayoitarajia msomaji. Askari watatu wanafika saa kumi alfajiri kwa kuwa jirani alisikia ukelele. Msimulizi anawakaribisha, anawatembeza, kisha kwa kiburi anakiweka kiti chake juu ya mbao zilezile. Ndipo mlio unapoanza, mdogo na wa haraka, kama wa saa iliyofunikwa kwa pamba, nao unazidi kukua hadi anapopiga kelele na kuungama. Wahakiki wamependekeza kwamba ni maruweruwe, au mapigo ya moyo wake mwenyewe, au wadudu watobao mbao, ambao awali msimulizi anasema alizoea kuwasikiliza ukutani usiku baada ya usiku. Maelezo ya moyo wake mwenyewe ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu mlio huohuo ulisikika mara ya kwanza gizani alipokuwa amejawa na msisimko, naye papo hapo akampachika mzee. Majuto hayatajwi popote. Anaungama kwa kuwa ameamini kwamba askari wanausikia mlio na wanamdhihaki kwa kujifanya hawausikii.

The Black Cat, iliyotoka Agosti 1843, inarudia umbo hilo kwa ukali zaidi na, pengine, kwa ustadi pungufu. Msimulizi, anayesubiri kunyongwa kesho yake, anamng'oa paka jicho, anamnyonga, anamuua mkewe kwa shoka na kumjengea ukutani, lakini haya yote anayaita matukio ya kawaida ya nyumbani, akiusingizia ulevi na ule msukumo wa kutenda ovu kwa sababu tu limekatazwa. Yeye pia anajifichua kwa majisifu, akiugonga ukuta kwa bakora mbele ya polisi.

Mgumu kuliko wote ni Montresor wa The Cask of Amontillado, hadithi ya Novemba 1846, kwa sababu yeye hapigi kelele. Anadai mtu aitwaye Fortunato alimtusi, bila kusema tusi lilikuwa lipi. Anamvuta kwa ahadi ya mvinyo hadi katika mapango ya maziko ya ukoo wake na kumjengea humo akiwa hai. Anamsimulia mtu anayeijua vyema nafsi yake, ambaye wahakiki wengine humdhania kuwa padri kwenye kitubio, na miaka hamsini imekwisha kupita bila yeyote kuugusa ukuta ule. Katika utulivu wote huo ipo sentensi moja tu inayolegea: jiwe la mwisho likikaribia kuwekwa, anasema moyo wake uliingiwa na kichefuchefu, kisha anaharakisha kueleza kwamba sababu yake ilikuwa unyevu wa mapango.